Kusoma Utepe Mweusi: Uhakiki wa Programu za Ridhaa za Kusomea Kadi za Sumaku

Ikisiri

Makala hii inahakiki kazi nne za wapenzi wa fani ya kompyuta nchini Marekani, zilizotolewa kati ya mwaka 1992 na 2015, zinazohusu usomaji wa data iliyomo katika utepe wa sumaku wa kadi. Kazi hizo ni andiko la Card-O-Rama, programu za dab na dmsb, programu ya Stripe Snoop na kifaa cha MagSpoof. Zinasomwa hapa kama matini: tunauliza zinamfundisha nini anayezitumia, zinaweka wapi mpaka kati ya kusoma na kughushi, na zinamjali vipi mwenye data. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kazi hizi haitokani na uwezo wake wa kiufundi, bali na uamuzi wa mwandishi katika mambo hayo matatu. Makala inaonesha pia kwamba sheria za makosa ya mtandao za ukanda wetu, pamoja na istilahi ya Kiswahili "mdukuzi", bado hazijapata namna ya kuutambua uamuzi huo. Mwishoni yametolewa mapendekezo matatu kwa watunga sera na wanaistilahi.

Maneno muhimu: utepe wa sumaku, programu za ridhaa, uhakiki, istilahi, makosa ya mtandao

1.0 Utangulizi

Mteja anaposimama mbele ya mhudumu wa duka na kuambiwa, "Kadi yako haisomi," hujibu kwa kuifuta kadi kwenye nguo na kuirudisha. Hakuna anayeshangazwa na sentensi hiyo, ingawa imeipa kadi kazi isiyo yake. Kadi haisomi, inasomwa. Inayosoma ni mashine, na anayefahamu mashine imesoma nini ni taasisi iliyoitoa kadi. Katika mnyororo huo wote, asiyejua kilichoandikwa ni mtu mmoja tu, naye ndiye ambaye jina lake limo katika maandishi hayo.

Kazi zinazohakikiwa hapa zilizaliwa kutokana na hali hiyo. Waandishi wake hawakuajiriwa na benki wala na viwanda vya kadi. Tunawaita waandishi wa ridhaa, kwa maana ileile tunayoitumia katika michezo: bondia wa ridhaa huingia ulingoni bila mshahara, kwa sababu ameupenda mchezo. Mpenzi wa aina hii hununua kisomaji cha bei nafuu, huandika programu usiku, huwapa wenzake bure, na hufurahi kuona kwamba utepe mweusi ulioko nyuma ya kadi yake umekuwa mstari wa tarakimu zinazoeleweka.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo hili liletwe katika kongamano la Kiswahili, na kwa nini liitwe uhakiki. Jibu la kwanza ni kwamba uhakiki wetu umekwisha kuzoea maandishi yasiyokaa vitabuni. Umesoma majina ya kanga na maandishi ya mabasi, na haukupungukiwa hadhi kwa kufanya hivyo. Programu ni maandishi. Ina mwandishi, ina hadhira, ina mtindo, na zaidi ya yote ina mambo ambayo mwandishi aliamua kuyaacha. Jibu la pili linahusu sera. Nchi zetu zimetunga sheria zinazoweza kumtia mtu hatiani kwa sababu ya programu aliyo nayo tu. Hakimu anayeamua kwamba programu fulani imebuniwa kwa lengo la uhalifu anafanya kazi ya mhakiki, apende asipende: anatafsiri matini na kumhusisha mwandishi na dhamira. Ni vyema kazi hiyo ifanywe kwa ustadi.

2.0 Utepe wa sumaku kama andiko

Hatuwezi kuhakiki usomaji bila kujua kinachosomwa. Utepe wa sumaku ulibuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1960. IBM wenyewe husimulia kwamba mhandisi wao, Forrest Parry, alishindwa kuugandisha utepe kwenye plastiki kwa gundi, hadi mkewe alipopendekeza joto la pasi. Kutokana na ubunifu huo wa nyumbani ilikuja kanuni ya kimataifa, ambayo leo imo katika viwango vya ISO/IEC 7811 na 7813.

Utepe huo una njia tatu zinazokwenda sambamba. Njia ya kwanza, ambayo asili yake ni mashirika ya ndege, hubeba hadi herufi 79, zikiwa ni pamoja na jina la mwenye kadi. Njia ya pili, ambayo asili yake ni mabenki ya Marekani, hubeba tarakimu na alama chache, zisizozidi 40: namba ya akaunti ya kadi, alama ya kutenganisha, mwaka na mwezi wa kwisha muda, tarakimu tatu za kueleza huduma, kisha data ya mtoaji wa kadi. Njia ya tatu hubeba tarakimu hadi 107, na kadi nyingi huiacha tupu.

Uandishi wenyewe hauna wino. Ni mageuzi ya mwelekeo wa sumaku yaliyopangwa kwa vipindi. Kila biti huanza kwa geuzi moja. Biti ya 1 huongeza geuzi jingine katikati ya kipindi, na biti ya 0 haiongezi. Kwa hiyo kinachopimwa ni umbali kati ya geuzi na geuzi. Mkono wa mtu haupitishi kadi kwa kasi moja, lakini andiko limebeba mapigo yake lenyewe, na mfululizo wa sifuri mwanzoni mwa njia humpa msomaji kipimo cha kuanzia, mithili ya mpiga ngoma anayetoa mapigo kabla ya mwimbaji kuingia.

Katika njia ya pili kila tarakimu ni biti nne pamoja na biti ya tano ya kukagua. Biti ndogo hutangulia, na jumla ya biti za 1 lazima iwe witiri. Tarakimu 5, kwa mfano, huandikwa 1-0-1-0. Kwa kuwa biti za 1 ni mbili, yaani shufwa, biti ya tano huwa 1 ili jumla iwe tatu. Mwishoni mwa njia huwekwa alama nyingine ya kukagua safu zote kwa pamoja. Namba ya kadi nayo huwa na tarakimu ya mwisho inayotokana na kanuni ya Hans Peter Luhn, naye pia wa IBM, iliyopewa hataza mwaka 1960.

Ukaguzi wote huu unalenga makosa ya usomaji, haulengi udanganyifu. Hakuna kufuli katika utepe. Hakuna maandishi yaliyofichwa kwa msimbo wa siri ambayo kisomaji hulazimika kuyavunja. Kadi ya benki hubeba namba fupi ya uthibitisho ambayo benki peke yake huweza kuikokotoa, lakini namba hiyo nayo imeandikwa wazi, na anayenakili utepe mzima huinakili pamoja na mengine. Udhaifu huu haukuletwa na wapenzi wa fani. Ulikuwemo katika muundo tangu mwanzo, na kila hukumu juu ya kazi zao lazima ianzie hapo.

3.0 Kazi nne

3.1 Card-O-Rama

Mwaka 1992 mwandishi aliyejiita Count Zero, jina alilolitoa katika riwaya ya William Gibson, alitoa andiko lililoeleza utepe wa sumaku kutoka kwenye fizikia hadi kwenye mpangilio wa herufi. Si programu, lakini ndilo lililowafungulia mlango waandishi wengi wa programu waliofuata. Ubora wake ni wa kiualimu. Mwandishi anaanza na kipande kimoja cha sumaku chenye ncha mbili, anakichora kwa herufi za kawaida za kompyuta kwa kuwa hakuwa na nafasi ya picha, kisha anaviunganisha vipande kimoja baada ya kingine mpaka msomaji anaona mwenyewe kwa nini geuzi hutokea pale ncha zinazofanana zinapokutana. Hakuna hatua inayorukwa, na anayelisoma hadi mwisho anaweza kutafsiri njia ya pili kwa penseli.

Kasoro yake ni ya sauti. Mwandishi amejificha nyuma ya lakabu na anazungumza kama mtu anayefichua siri, ilhali viwango vya kimataifa alivyokuwa akivifafanua viliuzwa hadharani. Mkao huo wa usiri ulivutia vijana, lakini uliwapa pia watu wa sheria sababu ya kuliona andiko la somo kama andiko la njama. Kazi nyingi za baadaye zilirithi mkao huo, na zimeulipia.

3.2 Programu za dab na dmsb

Programu hizi mbili fupi za Joseph Battaglia, za katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, ndizo tunazozipa daraja la juu. Zilizaliwa kutokana na jambo dogo: kichwa cha kusomea sumaku hutoa umeme kidogo kila kinapopita juu ya geuzi, na umeme huo unaweza kuingizwa katika kompyuta kupitia tundu la maikrofoni, kana kwamba kadi inaongea. Programu ya kwanza, dab, husikiliza sauti hiyo, hupima umbali kati ya vilele, na kutoa mfululizo wa 0 na 1. Programu ya pili, dmsb, hupokea mfululizo huo, hutafuta alama ya mwanzo, hukagua witiri, na kutoa tarakimu.

Mgawanyo huu ni uamuzi wa kimtindo wenye maana. Mwandishi angeweza kuunganisha hatua zote katika programu moja yenye kitufe kimoja. Badala yake amemwachia mtumiaji nafasi ya kusimama katikati na kuzitazama biti kabla hazijawa tarakimu. Anayetumia programu hizi hujifunza bila kukusudia. Zaidi ya hayo, hazisemi kadi ni ya nani, hazihifadhi kitu, na haziandiki juu ya kadi. Zinasoma, zinanyamaza. Miaka michache baadaye, mwaka 2009, kampuni ya Square ilianzishwa Marekani, na kisomaji chake kidogo kilichochomekwa katika tundu la sauti la simu kilitumia njia hiyohiyo ya kuigeuza kadi kuwa sauti. Kilichotiliwa shaka mkononi mwa mtu wa ridhaa kikawa biashara halali mkononi mwa kampuni.

3.3 Stripe Snoop

Billy Hoffman, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha Georgia Tech, alikuwa na lengo kubwa zaidi. Stripe Snoop haikuridhika na tarakimu, ilitaka maana. Iliyalinganisha maandishi ya kadi na hazina ya miundo iliyokwisha kufahamika, kisha ikamwambia mtumiaji kwamba sehemu hii ni namba ya akaunti, hii ni tarehe, na hii imekaguliwa na ni sahihi. Kwa lugha ya uhakiki, programu za Battaglia zinasoma herufi, Stripe Snoop inafasiri. Hazina hiyo ilikuzwa na michango ya watumiaji waliokuwa na kadi za hoteli, za maktaba, za maduka na za vyuo, mithili ya kamusi inayokusanywa na wasemaji wenyewe.

Hapa ndipo sifa na lawama vinapokutana. Sifa ni kwamba programu ilimpa mtu wa kawaida jibu la swali analostahili kuliuliza: kadi yangu inasema nini kunihusu? Lawama ni kwamba kufasiri kadi kwa kukusanya mifano ya kadi kunahitaji kadi za watu, na muundo wa kadi haujulikani bila kutazama yaliyomo. Programu yenye hazina ya pamoja ingepaswa kubeba ndani yake kanuni ya kufuta majina na namba kabla mfano haujamtoka mchangiaji. Kanuni ya namna hiyo ni sehemu ya ufundi, sawa na ukaguzi wa witiri. Kuiachia busara ya kila mchangiaji ni kuiacha kazi nusu.

3.4 MagSpoof

Kazi ya nne, iliyotolewa na Samy Kamkar mwaka 2015, imevuka mpaka. MagSpoof ni kifaa kidogo chenye betri na waya uliozungushwa, ambacho hutoa uga wa sumaku unaofanana na kadi inayopitishwa, kiasi kwamba kisomaji cha kawaida hudhani kadi imepita. Kazi hii haisomi, inasema. Kwa vigezo tulivyoviweka, ilistahili kushukiwa kuliko zote.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hutazama pia kilichoachwa. Kamkar alikuwa amegundua mambo mawili ya hatari. La kwanza ni kwamba namba ya kadi mpya ya American Express iliweza kukisiwa kutokana na ile ya zamani. La pili ni kwamba tarakimu za huduma katika utepe, ambazo humwambia mfanyabiashara kuwa kadi ina chipu na ichomekwe, zingeweza kubadilishwa ili chipu isiulizwe. Aliieleza jamii kwamba udhaifu huo upo, aliiarifu kampuni husika, kisha akatoa programu isiyo na mambo hayo mawili. Pengo hilo katika matini ni kauli ya mwandishi. Linaonesha kwamba inawezekana kufundisha kanuni bila kugawa silaha iliyokamilika, na kwamba anayeijua hatari kwa undani ndiye anayeweza kuchora mpaka mahali sahihi.

4.0 Mahakama kama msomaji

Marekani imezisoma kazi za namna hii mahakamani na nje ya mahakama, na usomaji wake umebadilika. Mwezi Aprili 2003 Hoffman na mwanafunzi mwingine, Virgil Griffith, walikusudia kutoa mada huko Atlanta kuhusu udhaifu wa mfumo wa kadi za wanafunzi wa kampuni ya Blackboard. Kampuni ilipata amri ya mahakama, mada ikazuiwa, na mwezi Julai mwaka huo shauri likaisha kwa makubaliano. Swali la msingi, yaani kama udhaifu ulikuwepo, halikupata nafasi ya kujadiliwa.

Miaka mitano baadaye, Agosti 2008, wanafunzi watatu wa chuo cha MIT walikusudia kuzungumza katika kongamano la Defcon, Las Vegas, kuhusu tiketi za usafiri wa Boston. Tiketi ya karatasi iliyoitwa CharlieTicket iliandika thamani ya nauli juu ya utepe wenyewe, na ikailinda kwa namba ya kukagua ya biti 6, yaani yenye uwezekano 64 tu. Mamlaka ya usafiri, MBTA, ilipata amri ya muda ya kuwanyamazisha. Amri hiyo haikuzuia kitu: nakala za slaidi zilikwisha kugawiwa kwa washiriki, na mamlaka yenyewe iliambatisha ripoti ya siri ya wanafunzi katika hati za mahakama zilizokuwa wazi kwa umma. Siku kumi baadaye jaji mwingine alikataa kuirefusha amri. Hoja yake inamhusu kila mhakiki: sheria iliyotajwa ilizungumzia kupitisha programu kwenda kwenye kompyuta, ilhali wanafunzi walitaka kuzungumza na watu. Jaji alitofautisha msimbo unaotenda na maelezo yanayofundisha.

Mwaka 2023 vijana wa shule za sekondari wa eneo hilohilo, wakiendeleza kazi ya 2008, walionesha udhaifu wa kadi ya Boston isiyotumia utepe. Safari hii MBTA iliwaita ofisini, ikawasikiliza, na haikujaribu kuwazuia kuzungumza Defcon. Hakuna sheria kubwa iliyokuwa imebadilika kati ya tarehe hizo mbili. Kilichobadilika ni namna taasisi ilivyosoma: mwaka 2008 ilimsoma mwandishi kama adui, mwaka 2023 ikamsoma kama mtu aliyeleta taarifa.

5.0 Sheria za ukanda na neno "mdukuzi"

Mjadala huu unatuhusu kwa sababu ya vifungu vinavyozungumzia vifaa haramu. Chimbuko lake ni Ibara ya 6 ya Mkataba wa Budapest wa 2001, ambayo inazitaka nchi kuharamisha vifaa na programu zilizobuniwa hasa kwa ajili ya uhalifu wa kompyuta. Ibara hiyohiyo inaongeza kwamba asitiwe hatiani yule ambaye lengo lake si uhalifu, kama vile anayepima au kulinda mfumo kwa idhini. Ujerumani ilipoandika kifungu cha namna hiyo mwaka 2007, wataalamu wa usalama walilalamika, na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliyakataa malalamiko yao kwa kukisoma kifungu kwa ufinyu: haitoshi programu iweze kutumiwa vibaya; lazima iwe imetengenezwa kwa dhamira hiyo.

Sheria zetu zimeandikwa kwa namna tofauti. Sheria ya Uganda ya 2011 inalenga kifaa kilichobuniwa hasa ili kushinda kinga ya data. Kwa kigezo hicho dab na dmsb hazina kosa, kwa kuwa utepe hauna kinga ya kushindwa. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinagusa hata kumiliki isivyo halali programu iliyobuniwa au kurekebishwa kwa lengo la kutenda kosa. Kila kitu hapa kinategemea nani atasoma lengo hilo na atalisoma wapi. Kifungu cha 18 cha sheria ya Kenya ya 2018 kinalenga programu zilizobuniwa hasa kwa ajili ya kosa, na kinatoa nafuu kwa mafunzo, upimaji au ulinzi ulioidhinishwa. Nafuu hiyo ni njema, lakini inamhudumia aliyeajiriwa. Mwanafunzi anayesoma kadi yake mwenyewe chumbani hana wa kumwidhinisha, isipokuwa yeye, na sheria haisemi kama idhini ya mwenye kadi inatosha.

Ukimya huo unashangaza zaidi ukilinganishwa na sheria za ulinzi wa data binafsi: Kenya na Uganda 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Zote zinamtambua mtu kuwa na haki ya kujua data gani kumhusu imehifadhiwa. Kusoma utepe wa kadi yako ni namna ndogo kabisa ya kuitumia haki hiyo. Haifai sheria moja itoe haki na nyingine ikitilie shaka chombo cha kuitekelezea.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili cha vyombo vya habari kina neno moja, mdukuzi, kwa mwizi wa fedha za benki, kwa jasusi wa serikali, kwa mtaalamu aliyeajiriwa kupima mfumo, na kwa kijana anayesoma kadi yake ya maktaba. Neno hilo lina undugu wa karibu na mdukizi, yule anayetega sikio penye mazungumzo yasiyomhusu, na harufu hiyo ya kuingilia ya watu haijalitoka. Ukimwita mtu mdukuzi umekwisha kumhukumu kabla ya ushahidi. Jambo hili lilikuwa dogo wakati sheria zilipoandikwa kwa Kiingereza. Tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, neno tutakalolichagua linaweza kuwa neno la hati ya mashtaka.

Yapo mapingamizi yanayostahili kusikilizwa. Wezi wa kadi hupachika kisomaji juu ya mdomo wa mashine ya ATM, huweka kamera ndogo ya kunasa namba ya siri, kisha huandika data iliyonaswa katika kadi tupu. Programu inayosoma vizuri humsomea mwizi vilevile, na tusijifanye kwamba dab inamjua anayeitumia. Lakini tukitazama mwizi anatenda nini, tunaona kwamba kosa lake liko katika kuchukua data ya mwingine bila ridhaa, kuiandika katika kadi nyingine, na kutoa fedha. Vitendo vyote vitatu vinaweza kuthibitishwa bila kuuliza ana programu gani. Mwizi hahitaji kuelewa witiri, na andiko linaloueleza halimwongezei kitu. Anayelihitaji ni mwalimu, mkaguzi, mwandishi wa habari na mwenye kadi. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Sheria inayopiga marufuku taa kwa sababu mwizi naye huitumia huwaacha wenye nyumba gizani.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Utepe wa sumaku unaelekea mwisho wake. Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba kadi zake zitaacha kuwa nao kufikia 2033. Mpaka hapo, kadi nyingi zenye chipu zitaendelea kuubeba mgongoni, na vitambulisho vya kazini na funguo za hoteli vitaendelea kuutumia. Baada yake zitakuja njia nyingine za kuandika habari za watu mahali ambapo wao wenyewe hawawezi kusoma, na swali litabaki lilelile.

Uhakiki huu umeonesha kwamba kazi zinazoonekana za aina moja zina thamani tofauti. Card-O-Rama ni somo zuri lililovaa vazi la njama. Programu za dab na dmsb ni usomaji safi. Stripe Snoop ni tafsiri yenye manufaa isiyowalinda vya kutosha wale inaowatafsiri. MagSpoof ni chombo cha hatari ambacho mwandishi wake alijua pa kukomea. Sheria inayoweza tu kusema "kifaa haramu" haiwezi kuona tofauti hizi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vifungu vya vifaa haramu katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki viongezewe sentensi inayosema wazi kwamba kusoma data iliyomo katika kadi au chombo cha mtu mwenyewe, na kumiliki programu ya kufanyia hivyo, si kosa. Pili, taasisi zinazotoa kadi ziwe na njia rasmi ya kupokea taarifa za udhaifu, na anayezitoa kwa nia njema asishtakiwe kwa kuzitoa. Boston ilihitaji miaka 15 kujifunza hilo, nasi hatulazimiki kusubiri kiasi hicho. Tatu, wanaistilahi wetu, wakiwemo wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, watenganishe maneno: mdukuzi abaki kwa anayeingia kusiko kwake, mpimaji wa usalama awe aliyeajiriwa kupima, na msomaji wa ridhaa awe yule anayesoma kilicho chake kwa kutaka kujua. Katika Kiswahili kusoma ni kutazama maandishi na pia ni kutafuta elimu. Sheria zetu zikiandikwa kwa lugha hii, maana zote mbili ziwemo.